Meno ya Mahari

Kinywa cha fundi Hamidou kilikuwa na kazi mbili ambazo Rumonge nzima ilizijua: kukata uzi na kuozesha watoto wa watu. Uzi aliukata mchana kutwa kibarazani kwake nyuma ya soko, ameinama juu ya cherehani, meno ya mbele yakifanya kazi ya mkasi ilhali mkasi wenyewe umelala kwenye droo ya mashine. Kuozesha kulikuwa kwa mwisho wa juma. Posa ikiletwa mtaa wa Waswahili, au ikitoka huko kwenda Kizuka na Magara, aliitwa Hamidou aisemee, kwa sababu alijua kuomba bila kujidhili na kukataa bila kutukana.

Kisha pikipiki iliyokuwa ikimpeleka posani Minago ikateleza kwenye mawese yaliyomwagika barabarani, akaanguka kifudifudi. Kanzu ilifuliwa ikatakata. Meno manne ya juu yalibaki Minago.

Jambo hilo lingekuwa msiba wa kuzoeleka, kama upara, lau posa iliyofuata isingekuwa ya binti yake mwenyewe.

Walikuja Jumamosi alasiri, wanaume saba wenye kofia safi. Mbele yao alikuwa Hadji, mwenye ghala la mawese kule Kizuka na baba mkubwa wa mchumba. Mchumba mwenyewe, Hakimu, hakuingia. Alibaki nje ndani ya lori lake akipokea simu. Hamidou alikuwa amempa mdogo wake kazi ya kusema, naye akakaa pembeni na leso mdomoni kama mtu mwenye mafua. Lakini mdogo wake alipokwama kwenye fumbo la pili la Hadji, Hamidou alishindwa kuvumilia. Akaondoa leso.

"Sisi," akaanza, na neno likatoka pamoja na upepo na mate. Tone moja lilitua juu ya mkono wa Hadji.

Hadji hakukasirika. Aliutazama mkono wake, akaupangusa polepole kwa ncha ya shali, mara mbili, kisha akasema kwa upole ambao watu huutumia kwa watoto na wagonjwa, "Tumekuelewa, muzee. Pumuzika."

Nyuma ya pazia mwanamke mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Mahari iliwekwa juu ya mkeka: faranga milioni tatu ndani ya bahasha ya kaki. Aliyeipokea ni mdogo wake. Hamidou alikuwa ameshairudisha leso mahali pake.

Wageni walipoondoka, Kaoutar alitoka chumbani akaanza kukusanya vikombe. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, naye ndiye aliyekalia cherehani ya pili kibarazani. Ulimi wake ulikuwa wa baba yake.

"Baba, mahari ni ya nani?"

"Ni yako. Sheria haina maneno mawili hapo."

"Si yako wewe?"

"Hata faranga moja si yangu."

"Wala ya Mama?"

"Wala ya Mama."

"Sawa." Akaweka bahasha juu ya goti la baba yake. "Chukua basi uende Bujumbura kwa dantisti. Siku ya ndoa wewe ndiye walii. Sitaki mutu mwingine anisemee, na sitaki unisemee na leso."

Mariyamu, mama yake, alikuwa akifagia maganda ya karanga. Akasimamisha ufagio. "Mutoto anasema nini huyu? Hiyo pesa ni ya kitanda na vyombo."

"Nitalala kwenye mukeka, Mama. Watu wakiuliza, nitasema kitanda changu kiko mudomoni kwa Baba."

Wakacheka wote watatu. Hamidou alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

*

Petroli haikuwapo Rumonge kwa wiki ya pili, kwa hiyo mume na mke walifika Bujumbura juu ya lori la mihogo, wakajikung'uta vumbi mlangoni kwa dantisti kabla ya kubisha hodi. Dantisti aliitwa Jean Bosco, kijana mwenye mikono baridi. Alimfungua Hamidou mdomo, akamgongagonga fizi, kisha akachukua taya la plastiki na kulizungusha mbele yao kama muuza vyungu anavyozungusha chungu.

"Njia ziko tatu," akasema. "Ya kwanza ni meno ya kuvaa. Manne, juu ya kibao chembamba kinachoshika kwenye kaakaa. Asubuhi unavaa, unapolala unavua, unayaweka kwenye glasi ya maji. Laki mbili na nusu."

"Hiyo ni bei ya kusikika," alisema Mariyamu.

"Ya pili tunaita daraja. Haya meno yako mawili mazima ya pembeni nayakwangua mpaka yawe nguzo. Halafu juu yake napitisha meno sita ya kaure yaliyoshikana, nayagandisha kwa saruji ya meno. Hayo hayavuliwi. Milioni mbili na laki mbili."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu ni kupanda. Natoboa mufupa wa taya, naingiza skrubu, tunangoja miezi minne, mitano, mufupa uishike, ndipo tunaweka meno juu. Kwako wewe ni kama milioni tisa."

Mariyamu alivuta kitenge chake begani. "Milioni tisa nikipanda, napanda michikichi."

"Na ndoa ni baada ya wiki tano," alisema Hamidou, akisemea ndani ya leso.

"Basi hiyo tuiache. Iko na ya nne, muzee, siwezi kukuficha. Ni kukaa hivyo hivyo. Watu wanakaa, wanakula, wanazeeka."

"Tuchukue ya kuvaa," alisema Mariyamu.

Hamidou alitikisa kichwa. Alimkumbuka Mwalimu Zabroni, aliyerudi kutoka kambi za Tanzania na meno ya kuvaa, akasimama kutoa nasaha kwenye harusi ya mjukuu wake, meno yakachomoka na kuangukia kwenye sinia la bugali mbele ya wakwe. Mwalimu yule alifundisha miaka thelathini, lakini mpaka leo watoto wa Rumonge humwita Mwalimu Sinia.

"Yake yalitengenezwa vibaya," alisema Jean Bosco alipoelezwa. "Yakikaa sawa, hayaanguki."

"Ya pili," alisema Hamidou.

"Baba Kaoutar," Mariyamu akamwita, taratibu.

"Nimesema ya pili. Mutu hasimami mbele ya mashahidi na kitu cha kuvua."

Jean Bosco aliweka lile taya chini. "Sikia vizuri, muzee. Meno ya kuvaa ukiyachoka, unayaacha juu ya meza. Lakini haya yako mawili nikishayakwangua hayaoti tena. Ukishaingia kwenye daraja, umeingia."

"Nimekuelewa."

"Na usikate uzi nayo. Nimeona vidole vyako, nimejua kazi yako. Kaure inapasuka. Haya ni ya kulia na kusemea."

Walirudi mara mbili zaidi. Mara ya mwisho, daraja lilipokwisha kugandishwa, nesi aliyeitwa Eliana alimwomba Hamidou acheke ampige picha ya kubandika ukutani, wagonjwa wengine wapate kuona. Hamidou aliinua kidevu na kucheka kwa meno yote, kama mtu aliyerudishiwa shamba lake na mahakama.

*

Kwa wiki mbili Hamidou alisalimia watu ambao hakuwa na haja ya kuwasalimia. Alishika njia ndefu kwenda msikitini. Aliwapa salamu ya amahoro wauza samaki wa mukeke, akampa polisi wa kizuizi cha barabarani, akampa hata Jovita, muuza mihogo wa jirani, ambaye walikuwa wamenuniana tangu ugomvi wa mfereji. Jovita alimwitikia, kisha akamwambia mwenzake, "Huyu hasalimii. Anaonyesha."

Uzi aliukata kwa mkasi. Kaoutar, kwenye cherehani yake, hakumwacha. "Fundi mwenye meno sita ya kaure anaogopa uzi wa pamba."

"Ninayahifadhi mpaka siku yako."

"Na baada ya siku yangu?"

"Baada ya siku yako nitakula nayo muwa."

Kisha Kaoutar akaacha kutania. Akaanza kuvaa mikono mirefu, katika joto lile la pwani ya ziwa ambalo hata mbuzi hulikimbia. Mariyamu alidhani ni haya ya bibi harusi. Hamidou hakudhani kitu, kwa sababu hakuona.

Aliona Jumanne, siku tano kabla ya ndoa. Gauni la harusi aliapa kulishona mwenyewe, basi akamwita binti yake ampime mikono. Akapandisha mkono wa blauzi ili futi ikae sawa, na juu ya kiwiko akakuta alama nne upande mmoja na moja upande wa pili, zambarau zilizoanza kugeuka manjano. Fundi hupima kwa jicho kabla ya futi. Alijua kwamba ule ulikuwa mkono wa mwanamume, wenye kiganja kipana.

"Nani?"

Kaoutar akashusha nguo. "Andika kipimo, Baba."

"Nimeuliza nani."

"Unajua ni nani." Akatazama nje, kule sokoni. "Alitaka simu yangu aone nazungumza na nani. Nikasema simu ni yangu. Nikasema pia kwamba nikiolewa nitaendelea kushona. Akanishika. Dereva wake alikuwa pale, akageuka akaangalia ziwa."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba basi, tuvunje. Akacheka. Akasema, nenda tu, lakini kwanza mwambie baba yako ateme meno yangu."

Hamidou alihisi yale meno sita kinywani, moja baada ya jingine, kama siku ile ya kwanza yalipokuwa bado mageni na makubwa. Furaha ya wiki mbili zilizopita, salamu zote zile za barabarani, zilimrudia zikiwa na sura nyingine. Hakimu alikuwa akipita na lori sokoni karibu kila siku. Kila mara Hamidou alimpungia mkono na kumchekea.

"Unampenda?" aliuliza.

"Nilimpenda mpaka Alhamisi."

"Basi, binti yangu..."

"Basi nini? Utalipa na nini, Baba? Mimi ndiye niliyeweka bahasha kwenye goti lako. Nitaolewa. Wanawake wanaolewa na watu wa namna ile kila siku, na wanaishi." Akanyoosha mkono wa pili. "Pima na huu."

Akapima na ule wa pili. Hakujua la kufanya isipokuwa kupima.

*

Alimpigia simu Jean Bosco akiwa amesimama nyuma ya choo, mahali ambapo Mariyamu hangemsikia.

"Kuyatoa naweza," alisema dantisti. "Lakini nikiyatoa utapata nini? Daraja limetengenezwa kwa kinywa chako, haliingii kwa mutu mwingine. Na chini yake umebakiza visiki viwili. Ulikuja bila manne, utaondoka bila sita. Ile pesa, muzee, imeshakuwa kaure."

Laki nane zilizobaki zilikuwa zimeshakuwa kitanda, mchele na mbuzi wawili.

Kesho yake akapanda baiskeli ya kukodi mpaka Kizuka. Hadji alikuwa mbele ya ghala lake, amekaa kwenye kiti cha plastiki kati ya mapipa, na wapakiaji sita wakipumzika kivulini. Moto mdogo ulikuwa ukichoma mahindi. Hadji alimpokea vizuri, akaagiza chai.

"Nimekuja kuomba muda," alisema Hamidou. "Ndoa isogezwe."

"Isogezwe kwa nini? Bibi harusi iko na homa?"

"Ana alama za vidole mkononi."

Hadji alikoroga chai muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. "Vijana," akasema. "Watazoeana."

"Na nikivunja?"

"Nani anakukataza? Mali irudi kama ilivyokuja, nzima, siku moja. Sikufundishi wewe. Umeyasema mwenyewe mbele yangu, katika nyumba ngapi sijui, na sisi tukapiga makofi. Mali ikirudi, binti anarudi. Mali isiporudi, binti anakwenda." Akatabasamu. "Ulikuwa unayasema vizuri sana."

Hamidou aliweka kikombe chini. Maneno yalikuwa yake, kweli, na aliyatengeneza yakatengenezeka. Hayakuwa na upenyo wa kupitisha hata sindano.

"Lakini hebu kwanza tuonyeshe," Hadji aliendelea. "Tumesikia tu habari. Moussa, mupe muzee muhindi."

Mpakiaji aliyeitwa Moussa alimletea hindi la moto. Wenzake wakasogea. Mtu aliyekuja kudai angelikataa. Hamidou alikuwa amekuja kuomba. Akalishika hindi kwa mikono miwili, akaliingiza mdomoni akiogopa kusikia kitu kikipasuka, akauma. Mstari mzima wa punje ukang'oka, safi, kama umekatwa kwa kisu. Wapakiaji wakapiga makofi.

"Pesa imefanya kazi," alisema Hadji.

Njia nzima ya kurudi, ganda moja la punje lilikuwa limenasa chini ya daraja. Alilisukuma kwa ulimi toka Kizuka mpaka Rumonge na halikutoka.

Mariyamu alikuwa ameshajua. Mama humwona binti yake akivaa, alama haikai siri wiki nzima. Alikuwa akichagua mchele, mafungu kwa mafungu, mchele wa watu mia.

"Tuuze cherehani zote mbili," Hamidou alisema.

"Hazifiki milioni moja. Halafu tutakula nini, tutalipa pango na nini?" Hakuinua macho. "Kadi zimetoka, Baba Kaoutar. Watu wa Magara wameshapata. Mimi nilipoolewa na wewe, nani aliniuliza?"

"Mimi sikukushika hivyo."

"Hapana, hukunishika hivyo." Akatupa kijiwe uani. "Lakini nani aliniuliza?"

*

Jumapili baada ya adhuhuri kibaraza kilijaa kanzu. Cherehani zilikuwa zimeingizwa ndani na mkeka mkubwa umetandikwa mahali pake. Lori la Hakimu lilisimama mlangoni, limefungwa karatasi nyekundu na nyeupe toka kioo mpaka bodi, tayari kumchukua bibi harusi. Hamidou alivaa kanzu ya hariri. Mdomo wake haukuwa na leso, na watu waliukodolea macho.

Shehe aliwatuma mashahidi wawili ndani wamwulize Kaoutar kama ameridhia. Walirudi haraka.

"Amesema baba yake akiridhia, yeye ameridhia."

"Alhamdulillahi," alisema shehe. "Binti mwenye adabu."

Hamidou alijua haikuwa adabu. Alikuwa amemwachia mlango wazi, au alikuwa amemwachia mzigo; kutoka pale mkekani mtu asingeweza kutofautisha. Shehe aliwaweka uso kwa uso, walii na mchumba, akawashikanisha mikono. Hakimu alikuwa kijana mzuri, amenyoa, ananukia udi. Akaushika mkono wa Hamidou kwa nguvu.

Na fundi, bila kutaka, akaupima. Vidole vinne upande mmoja. Kimoja upande wa pili. Kiganja kipana.

"Sema baada yangu," alisema shehe. "Nimekuozesha binti yangu Kaoutar, kwa mahari tuliyokubaliana."

Hamidou aliendelea kuutazama ule mkono.

Shehe akadhani hakusikia, akarudia. Simu zilikuwa zimeinuliwa kupiga picha. Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba muzee bado anatafuta mahali pa kuweka ulimi na meno yale mapya, na kicheko kidogo kikapita kwenye kanzu kama upepo kwenye majani. Hakimu naye akatabasamu kwa ajili ya simu. Akainama karibu.

"Sema, muzee," akasema kwa sauti ya chini. "Meno si nimekupa?"

Kwa wiki tano Hamidou alikuwa ameitunga hotuba ya siku hii. Ilikuwa na mithali tatu, aya moja na mzaha mmoja wa kumchekesha Hadji. Yote ilikuwapo, imepangwa nyuma ya meno yake. Akaiacha ikae hukohuko.

"Siozeshi," akasema.

"Amesema nini?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Nimesema siozeshi." Kila herufi ilitoka mahali pake, bila upepo, bila mate, kama zamani. "Binti yangu ana alama tano mkononi, na mkono uliozitia ni huu nilioushika." Akauachia.

Simu zikashuka moja moja. Hakimu alisimama, akatazama huku na huku kama mtu aliyepotelewa na kiatu. Hadji alibaki ameketi.

"Na mali?" akauliza.

"Mali mnaiona." Hamidou akapandisha mdomo wa juu kwa kidole, akageuza uso polepole kutoka ukuta huu hadi ule, ili hata waliokuwa mlangoni waone. Safari hii hakuna aliyempa hindi. "Mahari ya binti yangu nimeila. Milioni mbili na laki mbili zimo humu. Mwenye koleo aje. Asiye na koleo atangoja nilipe."

Hakuna aliyekwenda. Shehe alifunga kitabu chake. Alisema bila walii hakuna ndoa, na kwamba mali ni deni, na deni hulipwa. Alisema yote mawili kwa sauti moja, na kila upande ukachukua neno lake.

Hadji hakuwa mtu wa matusi. Aliita wapakiaji wake. Lori lililopambwa kwa ajili ya bibi harusi likaondoka na cherehani mbili, kitanda kipya ambacho hakijalaliwa, na mbuzi mmoja ambaye hakuwa amechinjwa bado. Yaliyobaki, alisema Hadji akipanda, yatalipwa ndani ya mwaka mmoja, na kila mwezi atatuma mtu. Karatasi nyekundu zilipeperuka mpaka lori likakata kona ya msikiti.

Pilau ililiwa. Watu wa Magara walikuwa wametoka mbali, na mchele ukishaiva hauulizi. Walikula kimya, wakanawa, wakashukuru kwa murakoze, wakatafuta viatu vyao.

Mariyamu alikuja kusimama mlangoni, mikono ikinuka vitunguu. Hamidou alingoja aseme.

"Mimi nilisema tuchukue ya kuvaa," alisema. "Leo ungeyavua ukamtupia."

*

Jumatatu asubuhi kibaraza kilikuwa kikubwa. Sakafuni palikuwa na vishimo vinane, mahali ambapo miguu ya cherehani ilikuwa imesimama miaka yote ile. Hamidou alitandika mkeka juu yake, akakaa. Kaoutar akaja na sare za shule ambazo mwenye nazo angezifuata jioni, akakaa pembeni yake, akagawa: "Mashati yako, sketi zangu." Alikuwa amevaa mikono mifupi.

Jovita alipita na beseni la mihogo kichwani. Akasimama. "Fundi. Cherehani imekwenda harusini?"

"Imekwenda."

"Inarudi lini?"

"Haikusema."

Jovita alitazama ile mikono mifupi, akatazama sindano. Akashusha beseni, akatoa mihogo mitatu, akaiweka kwenye ukingo wa baraza bila kutaja bei, akaenda zake.

Walishona. Kazi ya saa moja sasa ilikuwa kazi ya nusu siku, na vidole vya Hamidou, vilivyozoea kusukuma kitambaa kwenye mashine, vilikuwa vizito kama vya mwanafunzi. Alishona pindo la shati la kwanza mpaka mwisho, akapiga fundo, akanyoosha mkono kwenye droo, na mkono ukakuta hewa. Mkasi ulikuwa kwenye droo. Droo ilikuwa Kizuka.

Akauinua uzi mdomoni.

"Baba," alisema Kaoutar. "Dantisti alisema."

"Alisema."

Akauma. Uzi ukakatika. Alikaa kidogo, amefumba macho, akapitisha ulimi toka nguzo hadi nguzo, polepole, akitafuta ufa. Kisha akachukua shati la pili, na Kaoutar akamsogezea uzi wake wa sketi, aukate na huo.